Kuinua paa la Land Cruiser ya zamani: kambi nyepesi ya watu wawili

Mafundi bodi wa Arusha na Nairobi wamekata mapaa ya Land Cruiser kwa miaka mingi. Gari linaingia gereji likiwa na paa zima, linatoka likiwa na tundu kubwa juu na kifuniko cha faibaglasi kinachoinuka kwa miguu minne, ili mgeni asimame na kumtazama simba bila kushuka. Kwa hiyo anayetaka gari la kulala porini huenda kwa mafundi haohao na kuagiza paa kama lile, ila liwe na kitanda. Kazi nyingi huharibikia hapo.

Paa la watalii halina kuta. Hufunguliwa mchana, hufungwa mvua ikianza, na hakuna mtu anayepumua chini yake saa nane mfululizo. Uzito wake haumsumbui mtu, maana anayeliinua ni dereva aliyezoea na gari limebeba abiria na chupa za maji tu. Paa la kulalia lazima lizuie mvua ya usiku kucha, litoe mvuke wa watu wawili, lifunguke kwa mkono wa mtu mmoja aliyechoka, na liwe jepesi kiasi kwamba gari lisibadilike tabia barabarani. Mafundi hawa wanajua kukata vizuri sana, na hilo wachukue wao. Kifuniko chenyewe kinahitaji hesabu nyingine.

Gari tunalolizungumzia hapa ni Land Cruiser ndefu ya milango miwili mbele na milango ya kufungua pembeni nyuma, ile ambayo Watanzania wengi huiita mkonga: HZJ75 ya miaka ya 1990, au HZJ78 iliyoingia mwaka 1999. Zote zina injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na turbo. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,980, na kuta za nyuma ziko karibu wima, jambo linalofanya useremala wa ndani uwe rahisi. Tofauti kubwa iko chini: 75 ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, 78 ina springi za koili mbele. Ukihesabu nati za gurudumu utazitambua bila kusoma kibati. 75 ina sita, 78 ina tano.

Gari kwanza, msumeno baadaye

Magari haya mengi yalikuwa ya hospitali, misheni, miradi na mashirika, kisha yakauzwa mnadani. Injini ikiwa imechoka hutengenezwa popote, kuanzia Mbeya hadi Bunia. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, badilisha mara moja. Kutu ndiyo ya kuogopa. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar likaguliwe sehemu nne: mfereji wa mvua unaozunguka paa, fremu ya kioo cha mbele chini ya mpira, sakafu ya nyuma chini ya zulia, na chasisi juu ya ekseli ya nyuma. Mfereji una umuhimu wa pekee, maana paa jipya lote litauegemea. Chukua bisibisi butu uuchokonoe mzunguko mzima. Rangi ikivimba au chuma kikibonyea, hiyo ni kazi ya kuchomelea kabla ya kitu kingine chochote. Kikioza sehemu zaidi ya tatu au nne, tafuta gari jingine.

Pima pia umeme. Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huwa na mfumo wa volti 24, na nyingi zimeingia Afrika Mashariki kama mitumba. Betri mbili chini ya boneti hazikuambii kitu, kwa sababu zinaweza kuwa zimeungwa sambamba kwa volti 12. Weka mita kwenye nyaya za taa kubwa za mbele injini ikiwa inaunguruma. Wapo walionunua friji, chaja na taa zote za volti 12 kabla ya kujua.

Halafu lipeleke gari mizani, tupu, tangi likiwa na mafuta kidogo. Viwanda vya kusaga nafaka, machimbo ya kokoto na vituo vya kununulia pamba vina mizani, na mwenye nayo hakatai kwa ada ndogo. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima. Kibati cha mtengenezaji kitakwambia uzito wa juu unaoruhusiwa.

Chukua mfano wa gari lililopima kilo 2,300 na kibati chake kinasema 3,300. Kilo 1,000 zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa. Dizeli lita 180 ni kilo 151. Maji lita 60 ni kilo 60. Watu wawili, 150. Tairi la pili la akiba 35, spana na jeki 25. Paa jipya, baada ya kutoa bati la zamani, linaongeza kama 38. Kitanda na godoro 23, makabati 60, betri na nyaya 30, friji na chakula 45, gesi na jiko 12, nguo na viti 40. Jumla kilo 669, na zinabaki 331. Mtu mwenye akili huziacha zilivyo. Asiye nayo huona nafasi, akafunga bampa la chuma la kilo 60, keria nzito juu ya kifuniko, madumu mawili ya nyongeza, kisha anashangaa kwa nini gari linapanda Kitonga kwa gia ya pili huku breki zikinuka wakati wa kushuka. 1HZ haina nguvu ya kukusamehe.

Kilo za juu ni mbaya kuliko za chini, maana gari hili tayari ni refu kwenda juu na jembamba. Lita 60 za maji zikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, katikati ya gari. Betri vilevile.

Kifuniko hutengenezwa kabla ya kukata

Kanuni hii isivunjwe: kifuniko kiwe kimekamilika, kimekauka, na kimejaribiwa juu ya gari likiwa bado na paa lake. Gari lililokatwa likisubiri kifuniko hufunikwa turubai la lori, na turubai la lori halijawahi kushinda masika.

Faibaglasi tupu ya milimita 4 ina uzito wa kilo 6 hivi kwa mita ya mraba, lakini ikiwa bapa na pana hutikisika kama karatasi. Ndiyo maana mafundi huiwekea mabomba ya chuma kwa ndani, na hapo kifuniko hufika kilo 50 kikiwa hakina kitu. Njia bora ni tabaka tatu: ngozi nyembamba nje, foamu ngumu katikati, ngozi nyembamba ndani. Uzito kwa mita ya mraba unabaki uleule wa kilo 6, ila ugumu unaongezeka mara nyingi, na mabomba hayahitajiki tena. Foamu hiyo pia hukinga joto, faida ambayo utaiona saa saba mchana Dodoma.

Foamu gani? Swali hili limeharibu paa zaidi ya moja. Foamu nyeupe au ya buluu ya polistirini, inayouzwa kama vipande vya kukinga joto, huyeyuka ikiguswa na resini ya polista, maana ndani ya resini hiyo mna stirini. Unaimwaga jioni, asubuhi unakuta bonde. Polistirini inataka resini ya epoksi, ambayo ni ghali na haipatikani kila mji. Kwa resini ya polista tumia foamu ya poliurethani au ya PVC, unene milimita 20, uzito kama kilo 40 kwa mita ya ujazo. Mafundi wa boti za faibaglasi Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu vizuri, na kwa kazi hii ni afadhali umtafute fundi wa boti kuliko wa bodi za magari. Anayetengeneza boti amezoea kufikiria maji yanaingilia wapi.

Kwa kifuniko cha urefu wa mita 2.7 na upana wa mita 1.45, chenye kingo za sentimita 12 kuzunguka, eneo lote ni mita za mraba 5 hivi. Nunua kilo 7 za mkeka wa faibaglasi na kilo 20 za resini. Utabakiwa na kidogo. Moldi hutengenezwa kwa mbao zenye uso laini wa melamini, zikiwa zimegeuzwa juu chini kama trei. Pembe zijazwe puti na kulainishwa ziwe mviringo. Sakafu ya moldi ipindwe kidogo ili paa likigeuzwa liwe na mgongo wa milimita 25 katikati. Paa bapa hutuamisha maji, na maji yaliyotuama huongeza kilo wakati wa kuinua na hatimaye hupata njia ya kupenya. Paka nta mara tano, ukiacha kila mpako ukauke kabla ya kuung'arisha. Kisha jelikoti (tabaka la nje la resini yenye rangi) ya nusu milimita, mkeka wa gramu 450, mkeka wa gramu 300, foamu, mkeka wa gramu 450 kumalizia. Kingo za wima hazihitaji foamu.

Hadina, yaani dawa ya kugandisha resini, ni suala la joto. Kwenye nyuzi 32 weka asilimia 1 tu, changanya kilo moja moja, na uanze alfajiri. Ukiweka asilimia 2 saa sita mchana, ndoo itaganda mkononi na kuanza kufuka moshi. Uwekapo foamu juu ya mkeka mbichi, ikandamize kwa mifuko ya mchanga iliyotandazwa juu ya nailoni hadi resini ikauke. Mahali foamu isiposhika panabaki hewa, jua hupanua hewa hiyo, na baada ya msimu mmoja unaona uvimbe.

Kila mahali patakapopita bolti, yaani bawaba, komeo, shoku za kuinulia na vishikio vya paneli ya sola, ondoa foamu na uweke kipande cha plaiwudi ya milimita 18 kilichopakwa resini pande zote. Weka alama kwenye picha, kwa kipimo kutoka ukingoni, kwa sababu ukishafunika hutakiona tena. Bolti ikibana foamu tupu, foamu husagika, bolti hulegea, maji huingia na kuzunguka katikati ya ngozi mbili yasipate pa kutokea.

Kingo za kifuniko zishuke milimita 40 chini ya mdomo wa mfereji wa mvua, kwa nje. Umbo hili ndilo linalozuia mvua. Mpira wa kubana unaozunguka tundu kazi yake ni kuzuia vumbi na upepo. Ukiutegemea kwa maji, utakusaliti siku utakapoendesha kilomita 90 kwa saa ukielekea kwenye mvua. Mbele ongeza ukingo wa pili, mdogo, ndani ya ule wa kwanza.

Kukata

Toa dari ya ndani na ufuate nyaya za taa hadi mwisho. Hesabu mbavu za paa. Ule wa mbele kabisa, nyuma ya vichwa vya dereva na abiria, haukatwi, na boriti iliyo juu ya milango ya nyuma haiguswi. Hizo mbili ndizo zinazoshikilia kuta zisiachane, na gari likipinduka ndizo zitakazobaki kati yako na udongo. Tundu la mita 2.2 kwa 1.2 linawatosha watu wawili. Anayetaka kulipanua mpaka juu ya viti vya mbele aongee kwanza na fundi anayeelewa muundo, na asikae abiria nyuma.

Kabla ya kukata, funga mbao mbili za kubana kati ya ukuta wa kulia na wa kushoto, kwa ndani. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, andika ukutani. Vipimo hivi viwili vitakwambia baadaye kama bodi imejisogeza.

Chora mstari ukiacha milimita 50 za bati kuanzia ndani ya mfereji. Kona ziwe za mviringo, nusu kipenyo milimita 50. Kona kali huanzisha ufa ambao vijituta vya barabara ya Seronera vitaukamilisha. Tumia jigso yenye wembe wa chuma wa meno 24 kwa inchi. Grinda ni ya haraka, lakini cheche zake huzama kwenye rangi na kwenye vioo, na baada ya mvua ya kwanza gari zima linapata madoa ya kutu. Acha vipande sita vya sentimita tatu bila kukata, weka watu wawili ndani washike bati, kisha vimalizie. Bati likining'inia upande mmoja hukunja ukingo, na ukingo uliokunjika haunyooki kikamilifu.

Bati la milimita 0.9 lina kilo 7 kwa mita ya mraba, kwa hiyo umetoa kilo 18 hivi bila kuhesabu mbavu. Nguvu iliyoondoka irudishwe kwa fremu inayozunguka tundu. Bomba la mstatili la chuma, milimita 40 kwa 20 lenye unene wa 2, lina kilo 1.8 kwa mita, na mzunguko wa mita 6.8 unakuwa kilo 12. La alumini la kipimo hichohicho ni kilo 4. Alumini haina ugumu wa chuma, ila ikigundishwa mzunguko mzima pamoja na mfereji hufanya kazi kama sanduku, na inatosha. Usichomelee chuma kwenye bati jembamba la paa. Bati hupinda kwa joto, mpira hauwezi kukaa sawa tena, na rangi ya upande wa chini iliyoungua huanza kutu mahali usipopaona.

Kingo zilizokatwa ziparwe kwa msasa, zipakwe praima ya epoksi, ziachwe siku nzima. Fremu igundishwe kwa gundi ya poliurethani ya magari, ile inayotumika kubandika vioo vya mbele, pamoja na praima yake. Gundi iwe na unene wa milimita 3. Weka vipande vidogo vya mpira wa unene huo kila nusu mita ili usiibane ikatoka yote. Ukanda wa milimita 20 unahitaji mililita 400 na kitu, yaani mirija miwili. Kisha ribiti kila sentimita 15, zikiwa zimechovywa kwenye gundi hiyohiyo. Alumini isikutane na chuma uchi popote. Kati yao pawe na praima au gundi, la sivyo chumvi ya pwani itaila alumini mpaka iwe unga mweupe. Silikoni ya bafuni isikaribie kazi hii. Haishiki rangi, na mahali ilipogusa hata gundi nzuri haitashika tena.

Baada ya wiki, toa zile mbao na upime mishazari.

Bawaba mbele, shoku nyuma

Paa la watalii hupanda sawasawa pande zote. Kwa kulala, kuna njia rahisi zaidi: bawaba mbele, kifuniko kinyanyuke nyuma tu. Turubai linakuwa dogo, sehemu zinazosogea ni chache, na komeo likifunguka njiani upepo hukisukuma kifuniko chini badala ya kukibeba. Anayeweka bawaba nyuma ametengeneza tanga. Bawaba tatu za chuma cha pua, kila moja bolti nne za milimita 6, zinatosha.

Kinachoinua ni shoku za gesi, zile zinazoshikilia mlango wa nyuma wa Noah. Wengi huzinunua kwa kukisia, wakapata paa lisilosimama au paa linalopasuka. Fanya hesabu. Kifuniko chenye paneli mbili za sola, bitana na turubai ni kilo 50, sawa na nyutoni 490. Urefu wake ni mita 2.6 kutoka bawaba hadi nyuma, kitovu cha uzito kiko mita 1.3. Kikiinuka nyuzi 25, ukingo wa nyuma unapanda mita 1.1, na mkono wa uzito unakuwa mita 1.18. Uzito unazungusha kwa nyutoni-mita 578.

Shoku imefungwa kwenye kifuniko mita 2.1 kutoka bawaba, na kwenye bodi mita 1.55. Watu hugawanya 578 kwa 2.1, wakapata 275, wakanunua shoku mbili za nyutoni 150. Kosa ni kwamba shoku haisimami wima. Inasukuma kwa mshazari, na mkono wake halisi ni mita 1.44 tu. 578 kwa 1.44 ni nyutoni 401, yaani 200 kila upande ili paa libaki juu pasipo upepo wala umande. Nunua za 250. Urefu wa shoku ikiwa imefunguka ni sentimita 96, ikiwa imefungwa 55. Chora haya yote kwenye kadibodi kwa vipimo vya gari lako kabla ya kwenda dukani, kwa sababu sentimita tano za kusogeza mguu wa chini hubadilisha jibu.

Kifuniko kikiwa kimefungwa, shoku imelala na haisaidii kitu. Sentimita za kwanza unainua mwenyewe, kama kilo 25 ukingoni. Hilo ni la kawaida, na anayenunua shoku za nyutoni 500 ili alikwepe atalazimika kuning'inia kwenye paa kulifunga, huku ngozi ya faibaglasi ikipinda pale zilipofungwa. Gesi hupoteza karibu asilimia 3.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 10 za baridi, kwa hiyo paa lililosimama vizuri Moshi mchana linaweza kushuka taratibu usiku kwenye kingo za Ngorongoro. Ndiyo sababu ya nguzo mbili za alumini zinazofungwa kwa pini kila paa linapopandishwa. Shoku ni ya kuinulia. Kushikilia ni kazi ya nguzo.

Makomeo yawe manne, ya kubana kwa mkono wa kukunja, yenye tundu la pini. Mawili nyuma, moja kila upande katikati.

Turubai na mvuke

Upande mmoja ni pembetatu ya mita 2.6 kwa 1.1, na nyuma ni mstatili wa 1.45 kwa 1.1. Jumla mita za mraba 4.5. Mita tano za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 zinatosha ukikata kwa uangalifu.

Turubai la lori la PVC ni imara, linapatikana kila mji, na ndilo chaguo baya. Gramu 650 kwa mita ya mraba, na halipumui. Watu wawili hutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi usiku mmoja, wakati mwingine zaidi. Kwenye PVC maji hayo huganda kuwa matone na kutiririka godoroni, na mwenye gari huanza kutafuta tundu ambalo halipo. Tumia kitambaa cha pamba na polista kilichotiwa dawa ya kuzuia maji, gramu 350. Uzi uwe wa pamba uliochanganywa na polista, mshono wa milimita 3 hadi 4, kitambaa kikunjwe mara mbili kila mshono. Turubai jipya lilowanishwe na kukaushwa mara mbili kabla ya safari, nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Lisifuliwe kwa sabuni ya unga. Sabuni huondoa dawa, na toka hapo linavuja kila linapoguswa.

Madirisha matatu, kila moja na wavu wa mbu na kifuniko chenye zipu. Acha nafasi ya hewa juu kabisa, chini ya kona ya kifuniko, isiyofungika. Wengine huiziba usiku wa baridi. Asubuhi wanapangusa dari kwa taulo.

Turubai lifungwe juu na chini kwa reli ya alumini yenye kamba ndani, ili livuliwe kushonwa bila kung'oa ribiti. Katikati ya urefu wake, kwa ndani, pitisha kamba ya mpira kuzunguka. Paa likishuka, mpira huvuta kitambaa ndani. Bila mpira huo kitabanwa kati ya kifuniko na mfereji, na kila ukifunga kitakatika kidogo pale pale. Dirisha moja la gari liachwe wazi wakati wa kushusha paa, maana hewa ya ndani isipopata pa kutokea hupuliza turubai nje. Ukifunga likiwa na maji, lifungue ndani ya siku moja. Ukungu haungoji.

Ndani, kwa ufupi

Kitanda cha juu: plaiwudi ya milimita 12 ni kilo 7 kwa mita ya mraba, hivyo mita 2 kwa 1.2 ni kilo 17. Godoro la sentimita 8, msongamano 30, ni kilo 6. Gawa ubao vipande vitatu, cha kati kiteleze ili mtu asimame. Makabati yawe ya plaiwudi ya milimita 9 kwenye fremu, milango ya milimita 6. Ubao wa MDF usiingie kwenye gari. Ni mzito, na maji yakigusa ukingo wake unavimba kama mkate.

Jiko likae kwenye mlango wa nyuma, upikie nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo boksi la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotoka nje ya gari. Kifaa cha kutambua hewa ya kaboni monoksidi kikae usawa wa kichwa cha aliyelala, na mkaa usiingie ndani hata ukionekana umezimika.

Friji ya lita 40 kwenye joto la pwani hula ampea-saa 35 hadi 50 kwa siku. Paneli mbili za wati 100 zinarudisha kama 60 siku ya jua. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ni kilo 12 hivi, ya risasi 28. Hapa pesa ya ziada inanunua kilo 16. Lithiamu inataka chaja ya kati inayodhibiti mkondo kutoka kwa alteneta. Kwa ampea 30 na umbali wa mita 5, waya wa milimita za mraba 10 hupoteza nusu volti, weka 16. Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 zisizidi, na ncha zote mbili za waya huo kama kuna betri pande zote mbili. Paneli nyembamba za kubandika ni nyepesi, lakini zikibandikwa moja kwa moja juu ya foamu hazipoi na hazidumu. Ziinue milimita 15.

Kabla ya safari

Uliza kuhusu karatasi kabla ya kukata. Kenya mabadiliko ya bodi hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, Tanzania usajili wa gari uko TRA, mamlaka ya mapato, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Kisha mwagia gari maji kwa mpira, dakika ishirini, paa likiwa limefungwa, mtu akiwa ndani na tochi. Anza chini, panda juu polepole, ili ujue maji yameingilia wapi. Rudia paa likiwa wazi. Pita barabara ya vumbi kilomita 30 nyuma ya lori, ufungue na kupitisha kidole kwenye mpira wote: vumbi litakuonyesha kila mahali usipobana. Rudi mizani ukiwa umejaza kila kitu na watu wamekaa; ekseli ya nyuma ikikaribia kikomo, hamisha maji na akiba mbele kabla ya kufikiria springi nzito. Baada ya kilomita 500 kaza bolti za bawaba, miguu ya shoku na makomeo. Ribiti yoyote yenye duara jeusi kuizunguka inacheza. Itoboe, weka kubwa zaidi.